Msingoje kuugua ndipo mwende mahakamani

Mkazi wa Illasit akiharisha huenda zahanati, akapimwa, akapewa dawa, kisha akarudi nyumbani kunywa maji yale yale. Wiki mbili baadaye yuko tena kwenye foleni. Kurasa za afya kama hizi hurudia kuwaeleza wasomaji kuchemsha maji na kunawa mikono, na ni vyema iwe hivyo. Lakini ipo kinga nyingine isiyouzwa katika duka lolote la dawa, nayo ni sheria.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 huongeza haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hayo wengi wameyasikia katika mikutano ya hadhara. Wasichokisikia ni Kifungu cha 70. Hicho chasema kuwa mtu akiona haki ya mazingira safi inavunjwa, au iko hatarini kuvunjwa, aweza kwenda mahakamani, wala halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Soma tena, msomaji. Huhitaji cheti cha daktari. Huhitaji maiti.

Nasisitiza hilo kwa sababu desturi yetu ni kungoja. Tazama yaliyowapata watu wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi ukutani mwa nyumba zao. Madini ya risasi yaliingia katika vumbi, katika maji na hatimaye katika damu ya watoto. Risasi haina huruma kwa mtoto: huharibu ubongo unaokua, hupunguza damu, na kwa mama mjamzito huhatarisha mimba. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kesi ilifunguliwa mwaka 2016, na mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Ni Desemba 2024 tu ambapo Mahakama ya Juu iliirudisha.

Ushindi? Naam, na Phyllis Omido aliyewaongoza wakazi hao astahili kila sifa aliyopewa. Lakini hesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipoanza alikuwa na umri wa miaka 17 uamuzi wa mwisho ulipotolewa, na hakuna bilioni iwezayo kumrudishia ubongo wake.

Illasit hakuna kiwanda cha betri. Kuna nyanya. Kutoka Rombo hadi Kimana mashamba ya umwagiliaji yamelisha masoko ya Nairobi na Mombasa, na hakuna anayeuonea kijicho utajiri huo. Taabu iko katika dawa za kuulia wadudu. Mkulima hunyunyiza bila glavu wala kitambaa cha kufunika pua, huiosha pampu yake katika mtaro wa maji, na chupa tupu huitupa kando. Mtaro huo huo ukishuka chini hukutana na mama mwenye mtungi na mchungaji mwenye ng'ombe wake. Baadhi ya dawa hizo hushambulia mishipa ya fahamu. Kichwa huuma, mate hutoka ovyo, mboni za macho hupungua, misuli hutetemeka. Mara nyingi mtu huyu hudhaniwa ana malaria. Ukiziona dalili hizo baada ya kunyunyiza, vua nguo ulizovaa, oga kwa sabuni, na nenda hospitali ukiwa na chupa ya dawa yenyewe mkononi ili daktari asome maandishi yake.

Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilizipiga marufuku bidhaa 77 za aina hiyo. Ni hatua njema iliyochelewa. Swali la Illasit ni gumu zaidi, kwa kuwa ng'ambo tu ya mpaka kuna Tarakea, na watu huvuka kwa miguu. Tulishaliona hili katika mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa karibu miaka miwili mfuko ule ule ulikuwa bidhaa halali upande mmoja na kosa la jinai upande wa pili. Sheria ya nchi moja haitoshi katika soko la nchi mbili.

Na si soko tu linalotufunga pamoja. Chemchemi tunazozitegemea, pamoja na ya Nolturesh inayopeleka maji kwa bomba hadi Kitengela na Athi River, chanzo chake ni Mlima Kilimanjaro. Wengi hudhani ni theluji ile inayoyeyuka. Theluji kweli imekwisha kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, lakini maji mengi ya chemchemi hutokana na mvua inayonyesha msituni. Msitu huo uko Tanzania. Kwa hiyo mtu wa Kitengela anayefungua mfereji jikoni mwake ana kila sababu ya kuuliza jinsi Moshi wanavyoulinda msitu wao.

Ukame wa mwaka 2020 hadi 2022 ulitufunza jinsi tabianchi inavyoingia hospitalini. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, maziwa yakakosekana, na kisima kimoja kikawa cha mtu na punda. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 ina kifungu, cha 23, kinachofanana na kile cha Katiba: mtu aweza kumshtaki anayekwamisha juhudi za kukabiliana na mabadiliko hayo bila kuthibitisha kuwa ameumia. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliongeza jambo la fedha. Mradi wa kuuza hewa ya ukaa katika ardhi ya jamii sharti uipe jamii hiyo angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kutoa gharama. Ranchi ya Rombo ni miongoni mwa zile zilizo katika mradi wa namna hiyo wa Milima ya Chyulu, hivyo si habari ya mbali. Binafsi ningependa kuona fedha kama hizo zikipima maji ya visima, kwani floridi nyingi iliyomo katika visima vingi vya Kajiado ndiyo inayowafanya watoto wetu wawe na meno ya kahawia. Kiwango kisichopaswa kuzidi ni miligramu 1.5 kwa lita.

Watu wataniambia kwamba mahakama ni ya matajiri. Kifungu cha 22 cha Katiba kinaagiza kuwa ada isitozwe kwa kufungua kesi ya haki za msingi, na kanuni za mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida. Nauli ya kufika Kajiado mjini, iliko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, bado ni nzito. Kabla ya kufika huko ipo NEMA, na ipo Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Malalamiko huzaa matunda: mwaka 2020 NEMA ilisimamisha shamba kubwa la avokado karibu na Kimana baada ya majirani na wahifadhi kulalamika.

Kinachokosekana ni ushahidi, na ushahidi huo uko mikononi mwa wahudumu wa afya ya jamii. Wanapita nyumba kwa nyumba, nao ndio wa kwanza kujua kuwa mtaa ulio chini ya mtaro fulani umeharisha mara tatu mwezi huu. Waandike tarehe, idadi, na dawa iliyonyunyizwa wiki hiyo, majina ya wagonjwa wayaache. Kisha karatasi hiyo wasiipeleke kwa mkuu wa zahanati peke yake. Waipeleke pia katika kamati ya mipango ya tabianchi ya Wadi ya Rombo, na mama mmoja wa mtaro wa chini apewe nafasi ya kusema kwanza.