Kabla Hatujapanda Mchicha, Tuwaulize Wazee



Mji wetu wa Kigoma unaitwa mwisho wa reli. Tangu reli ya kati ifike hapa mwaka 1914, mzigo wa kila aina umeshushwa kwetu: saruji, dizeli, betri, vyuma vya meli. Mwingi ulitumika ukaisha. Mwingine ulimwagika, ukabaki ardhini.

Sasa tumeunganishwa na umeme wa gridi ya Taifa, na majenereta ya dizeli yaliyotuwashia taa miaka mingi yamezimwa. Ni neema kubwa. Lakini karakana, bohari au yadi ya mafuta ikishanyamaza, kila mmoja huanza kuitupia jicho. Huyu anaona uwanja wa mpira, yule anaona soko, mwingine bustani ya mchicha. Yote ni mawazo mema. Je, tumejiuliza pale palikuwa panafanyika nini?

Sitaki kumtisha mtu, wala sisemi eneo fulani lina sumu. Hilo husemwa na vipimo.

Lakini tujifunze kwa wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri za magari. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, risasi ikabaki. Hukaa kwenye udongo wa juu, hupeperuka na vumbi, huingia mdomoni mwa mtoto anayecheza chini. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mwanawe aliugua, alisimama na wakazi wa hapo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia na eneo lisafishwe.

Mjini humohumo, kule Bamburi, machimbo ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971. Majani yakadondoka, jongoo wakayala, udongo ukazaliwa juu ya mwamba mtupu. Leo ni msitu, na watoto wa shule huenda kutazama wanyama. Mnaona tofauti? Kila ardhi ina ugonjwa wake na dawa yake. Mti uliotibu Bamburi peke yake usingeondoa risasi ya Owino Uhuru.

Basi tuanzie wapi? Tuanzie kwa wastaafu wetu wa reli, bandari na mitambo. Mzee wa namna hiyo ukimpeleka kwenye yadi ya zamani, atakuonyesha kwa bakora yake: hapa yalipangwa mapipa, pale tulimwaga oili chafu, kule tulitupa betri. Mchoro wa ofisini hauna habari hizo. Kijana, chukua daftari, uandike na uchore anayosema.

Daftari hilo tulifikishe kwenye mkutano wa mtaa, kisha Manispaa. Tuombe taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira na Mkemia Mkuu wa Serikali wapime udongo na maji ya visima kabla ya mpango wowote kupitishwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kuuliza si utovu wa nidhamu.

Na nyumbani je? Mama unayeanika dagaa, waujua mchanga unaowaanikia? Chanja ni salama zaidi. Fundi, oili chafu iweke kwenye dumu, usiimwage mtaroni. Mvuvi, ukiyeyusha risasi ya betri kutengeneza chubwi, usiiyeyushe jikoni, na sufuria ile isirudi kupika ugali. Wazazi, watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Tukumbuke pia kwamba mtaro wetu unateremka ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, na ni mto mmoja tu unaotiririka kutoka humo, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hakitoki kesho wala keshokutwa. Nalo ziwa, kama mji wetu, ni mwisho wa reli.

Jioni ya leo ukipita kwa mzee aliyestaafu karakana, mwamkie, ukae naye kidogo barazani. Kisha mwulize: “Mzee, oili chafu mlikuwa mnaimwaga wapi?”