Usifungue faili ndani ya kerneli

Nimelisema hili mara nyingi kwa wenzangu wa kazi, sasa naliandika ili nisirudie: kiendeshi cha kerneli hakifai kujichagulia faili na kuifungua. Najua utaniambia inawezekana. Hata matatu isiyo na breki huteremka mlima.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Chama kimoja cha wafugaji huku kwetu karibu na Gakindu, Mukurwe-ini, kiliniomba niunganishe mizani ya maziwa na kompyuta ya Linux. Nikaandika kiendeshi. Mizani ilihitaji kigezo cha kusahihisha uzito, nami kwa uvivu nikakiweka katika /etc/mizani.conf, kisha kiendeshi chenyewe kikawa kinaisoma faili hiyo kwa filp_open na kernel_read. Faili isipopatikana, kitumie kigezo cha akiba nilichoandika ndani ya msimbo. Mezani kwangu kila kitu kilikwenda sawa.

Usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi alfajiri. Kompyuta ikawaka yenyewe na kiendeshi kikapakiwa mapema mno, wakati kerneli ingali kwenye initramfs, yaani mfumo mdogo wa faili unaotumika kabla diski halisi haijapachikwa. Huko hakuna /etc/mizani.conf. Kiendeshi hakikulalamika, kikachukua kigezo cha akiba na kuanza kupima.

Asubuhi shosho mmoja akaniuliza, "Kijana wangu, hii mashine yako imeanza kunywa maziwa?" Mtungi wake wa kilo 10 ulikuwa umeandikwa 9, na alikuwa ameupima nyumbani. Nilishinda siku nzima nikisahihisha hesabu za waliomtangulia, mmoja mmoja, mbele ya macho yao.

Tangu 2005 Greg Kroah-Hartman alikuwa ametuonya katika jarida la Linux Journal kwamba jambo hili halifanywi. Sikusikia la mkuu, nikavunjika guu.

Sasa hoja zenyewe. Ukiandika /etc/mizani.conf, unamaanisha /etc ya nani? filp_open hutafuta kuanzia mzizi wa mchakato unaotumia kerneli wakati huo. Mchakato ulio ndani ya kontena una /etc yake. Kwa hiyo jina moja laweza kukupa faili mbili tofauti, au lisikupe yoyote.

Pili, kusoma faili huenda kukalazimu kusubiri diski, yaani kulala. Msimbo unaoshughulikia katizo hauruhusiwi kulala. Tatu, programu ya kawaida ikikosea kusoma maandishi, inakufa peke yake. Kerneli ikikosea, inaweza kuangusha mashine nzima au kumfungulia mlango mvamizi.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Kazi za kusoma faili zilitarajia anwani ya kumbukumbu kutoka upande wa mtumiaji, basi watu wakatumia set_fs(KERNEL_DS) kulegeza ukaguzi. Mwaka 2010 Nelson Elhage alionyesha kwamba hitilafu ikitokea ndani ya kerneli huku ukaguzi umelegezwa, mtumiaji wa kawaida anaweza kuandika ndani ya kumbukumbu ya kerneli. Hiyo ndiyo CVE-2010-4258. Linux 5.10 ya Desemba 2020 iliiondoa set_fs kwa x86.

Utanijibu: "Mbona kerneli yenyewe husoma faili? Husoma firmware, huandika core dump, hutumia faili ya swap." Kweli kabisa. Lakini tazama nani anachagua jina. Faili ya swap hutajwa na msimamizi kwa swapon. Core dump hufuata core_pattern, ambayo msimamizi huibadilisha apendavyo. Kiendeshi kinachoita request_firmware hutaja jina la firmware tu; mahali pa kutafuta pana utaratibu mmoja unaojulikana, na msimamizi anaweza kuongeza njia yake. Jina la faili ni uamuzi, na uamuzi ni wa mwenye mashine. Kazi ya kerneli ni kumpa nyenzo.

Na dawa yake ni rahisi. Toa kigezo kupitia sysfs. Andika skripti ndogo upande wa mtumiaji, iitwe na udev mizani inapoonekana, isome /etc/mizani.conf na kukiandika kigezo huko. Vipimo vitoke kupitia /dev/mizani, programu ya kawaida ivihifadhi. Na lililo muhimu kuliko yote: kabla hakijapewa kigezo, kiendeshi kikatae kupima.

Ndivyo nilivyoandika upya. Msimbo wa kerneli ulipungua, na stima ikipotea sasa, kitakachotokea kibaya zaidi ni mizani kukaa kimya mpaka mtu aje kuitazama. Mizani iliyokaa kimya haimwibii mtu.

Ukiwa unaandika filp_open ndani ya kiendeshi leo, simama kwanza. Jiulize utamjibu nini shosho.