Unahamia Mtwapa au Ukunda? Angalia Shule Kwanza, Kodi Baadaye

Ukimuuliza mtu wa Kisauni kwa nini anahamia Mtwapa, jibu huwa moja tu: kodi. Wa Likoni anayefunga virago kwenda Ukunda, kodi pia. Na wa Changamwe anayeangalia Mariakani? Kodi hiyo hiyo. Nyumba ya huko ni kubwa kidogo, kuna nafasi ya kuanika nguo, na mwenye nyumba hana kelele. Basi, pikapu inaitwa.

Mimi naona hapo ndipo familia nyingi zinapigwa chenga na hesabu. Kodi ni namba moja kati ya sita au saba, na kwa mtu mwenye watoto shuleni mara nyingi si hiyo inayoumiza zaidi. Msimamo wangu ni huu: kama una mtoto wa shule, tafuta shule kwanza. Nyumba utaipata karibu na hapo. Ukianza na nyumba, shule utaokota iliyobaki.

Ukivuka daraja umevuka kaunti

Daraja la Mtwapa unalimaliza kabla hujamaliza kusoma ujumbe mmoja kwenye simu. Lakini ukifika ng'ambo, umetoka Mombasa na kuingia Kilifi. Ukunda na Diani ni Kwale. Mariakani ni Kilifi. Umebadilisha gavana, mbunge, MCA na chifu, hata kama bado unafanya kazi pale pale mjini.

Hilo lina maana gani kwa mfuko wako? Kwa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijana viko chini ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu. Kwa hivyo mtoto wa PP1 au PP2 akihama, anaingia kwenye mpango mwingine kabisa: majengo mengine, walimu walioajiriwa na kaunti nyingine, na pengine utaratibu mwingine wa uji na chakula cha mchana. Usidhani utakuta ulichokiacha.

Kwa sekondari mambo ni tofauti. Karo ya shule za bweni za serikali imewekewa kiwango na Wizara ya Elimu: shilingi 53,554 kwa mwaka kwa zile zilizokuwa zikiitwa shule za kitaifa, na 40,535 kwa shule za bweni za ngazi zinazofuata. Kiwango hicho hakijui mpaka wa kaunti. Ukikaa Bamburi ni hicho, ukikaa Mtwapa ni hicho.

Kinachobadilika ni basari. Basari ya NG-CDF inatoka kwa eneo bunge, na ya kaunti inaangalia wewe ni mkaazi wa wapi. Fomu huwa inapita kwa chifu au mzee wa mtaa, yule anayekujua kwa jina. Kisauni umeishi miaka tisa, mzee wa mtaa anawajua wanao mmoja mmoja. Kilifi Kusini wewe ni mgeni wa juzi. Kwale nako kuna mpango wa Elimu ni Sasa, ambao umelipia karo wanafunzi wengi wa kaunti hiyo, lakini ukihamia Ukunda mwezi huu usitarajie kuupata mwezi ujao.

Sasa fikiria mzazi ambaye basari ilikuwa inampunguzia shilingi 8,000 kwa mwaka. Akihama na kuikosa kwa mwaka mmoja, hiyo ni zaidi ya shilingi 660 kila mwezi zimeongezeka kwenye matumizi yake, na wala hazionekani kwenye bei ya nyumba mpya.

Hebu tupige hesabu

Namba zifuatazo ni za mfano. Weka zako.

Tuseme familia iko Mtopanga na inalipa kodi ya 8,000. Imepata nyumba kama hiyo ng'ambo ya Mtwapa kwa 5,500. Kila mwezi inaokoa 2,500. Tamu.

Baba anafanya kazi kisiwani siku 26 kwa mwezi. Nauli imeongezeka shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Hiyo ni 100 kwa siku, yaani 2,600 kwa mwezi. Akiba yote ya kodi imekwisha na shilingi mia moja juu.

Mtoto mmoja hawakutaka kumtoa shule ya zamani, kwa hivyo naye anapanda matatu: 40 kwenda, 40 kurudi, siku 22. Hiyo ni 1,760. Jumla ya nauli mpya ni 4,360. Ukitoa zile 2,500 za kodi, familia hii inalipa 1,860 zaidi kila mwezi kwa kuishi kwenye nyumba ya bei rahisi.

Na hapo hatujahesabu siku ya mvua, nauli inapopanda ghafla. Hatujahesabu foleni, wala saa ambazo mtoto anakaa kwenye matatu badala ya kulala au kusoma.

Hesabu hiyo hiyo inaweza kugeuka. Kama baba anafanya kazi hoteli ya Shanzu, Mtwapa ni karibu kuliko Likoni. Kama mama anauza Diani, kukaa Ukunda ni kuokoa safari mbili kwa siku. Na barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya kutoka upande wa kusini hadi Miritini bila kupanda feri, jambo ambalo limebadilisha mambo kwa wenye kazi upande wa Changamwe. Kwa hivyo sisemi usihame. Nasema nyumba ipimwe kutoka mahali unapofanya kazi na mahali mtoto anaposoma.

Mtoto yuko gredi gani?

Swali hili watu huliuliza mwisho, na lingefaa kuwa la kwanza.

Kwenye mtaala wa sasa, alama za mtoto zinajengwa kwa miaka kadhaa. Nafasi ya kuingia sekondari ya juu inategemea KPSEA ya Gredi ya 6 kwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 kwa asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 kwa asilimia 60. Maana yake, kazi ambayo mtoto amefanya darasani Gredi ya 7 inahesabika, na anayeipeleka kwenye mfumo ni shule. Ukimhamisha katikati ya mwaka, hakikisha kazi hizo zimerekodiwa kabla hujatoka getini.

Mtoto wa Gredi ya 9 ambaye shule imeshamsajili kwa mtihani, mimi ningemwacha amalize. Kama ni lazima mhame, afadhali akae kwa shangazi au nyanya muhula mmoja huo. Waswahili tuna ndugu, na siku kama hizi ndizo zao.

Kwa anayeelekea Gredi ya 10, kuna la ziada. Sekondari ya juu ina mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Si kila shule ina yote mitatu. Binti yako anataka sanaa, na shule ya kutwa iliyo karibu na nyumba mpya haina mkondo huo. Utafanya nini? Utalipa nauli ya mbali au bweni, na ile kodi ya 5,500 itakuwa imekuponza.

Kuna na jambo la rekodi. Serikali hutoa pesa kwa kila mwanafunzi kulingana na shule aliyosajiliwa: kiwango kilichowekwa ni 1,420 kwa mwaka kwa shule ya msingi, 15,042 kwa sekondari msingi na 22,244 kwa sekondari ya kutwa. Jina la mtoto likibaki kwenye shule ya zamani, pesa zake zinahesabiwa huko wakati yeye amekaa kwenye dawati la huku. Shule mpya itakukumbusha, niamini. Kwa hivyo ukienda kuhama beba cheti cha kuzaliwa, ripoti za mihula iliyopita na barua ya uhamisho, kisha uulize waziwazi: "Mwalimu, jina lishahamishwa kwenye mfumo?" Usiondoke na jibu la "tutaona".

Maji, stima na pesa zinazotoka mara moja

Mtu akikuonyesha nyumba atakufungulia mfereji mchana, siku ambayo maji yapo. Wewe waulize majirani maji huja siku ngapi kwa wiki, na mtungi wa lita 20 ni pesa ngapi yasipokuja. Familia ya watu watano inayonunua mitungi sita kwa siku kwa shilingi 20 inatumia 120 kwa siku, yaani 3,600 kwa mwezi. Hiyo ni nusu ya kodi nyingine.

Stima nayo, uliza kama mita ni yako peke yako au mnachangia na ploti nzima. Bei ya uniti za nyumbani inategemea wastani wa matumizi ya mita kwa miezi mitatu iliyopita. Wanaotumia uniti 30 au chini hulipa bei ya chini zaidi. Mkichangia mita moja nyumba nne, hata mwenye taa mbili na redio anajikuta kwenye bei ya juu pamoja na mwenye friji.

Halafu kuna gharama za siku ya kuhama. Dipoziti 5,500, pikapu 4,000, sare za watoto wawili 6,000, kufuli na mapazia 2,500. Jumla 18,000. Kama kuhama kunakuokolea 1,500 kwa mwezi, gawanya: itachukua miezi 12 kurudisha pesa hizo. Ukihama tena mwezi wa nane, umepata hasara. Watu wanaohama kila mwaka wakitafuta unafuu wanaufukuza tu, hawaufikii.

Simu yako inajua ukweli

Hapa ndipo mimi na kazi yangu tunakutana. Ukimuuliza mtu anatumia pesa ngapi kwa nauli, atakutajia namba ya kubuni. Simu haibuni. Omba taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu kutoka kwa huduma unayotumia, kaa chini na kalamu, na ugawe malipo kwenye mafungu matano: kodi, shule, nauli, maji na stima, chakula. Nauli uliyolipa kwa pesa taslimu iandike kwa wiki mbili kwenye daftari. Hapo utakuwa na bei halisi ya maisha yako ya sasa, na bei ya huko uendako utailinganisha na kitu cha kweli.

Kabla hujalipa chochote, nenda huko mara mbili: asubuhi ya siku ya kazi saa kumi na mbili, uone steji na nauli ya saa hiyo, na jioni ya siku nyingine, uone unafika saa ngapi. Ingia shuleni, kaa na mwalimu mkuu, hesabu watoto darasani.

Dipoziti ya nyumba usitume kwa mtu mliyekutana kwa simu tu, hata akikwambia kuna wateja kumi wanasubiri. Iangalie nyumba kwa macho, ongea na wapangaji, na kabla ya kuweka PIN soma jina linalokuja kwenye skrini. Kwa karo ni vivyo hivyo: nambari ya malipo ichukue ofisini kwa shule, andika nambari ya usajili ya mtoto kwenye sehemu ya akaunti, na ujumbe wa uthibitisho usiufute.

Na ikiwa baba atabaki kisiwani siku za kazi huku familia iko Ukunda, kubalianeni matumizi yatumwe mara moja kwa wiki na yatolewe mara moja. Kwenda kwa ajenti mara tano kutoa mia tano mia tano ni kulipa ada mara tano.

Kuna wanaohama na maisha yanawanyookea. Nawajua wa Mtwapa ambao hawarudi Kisauni hata uwape nyumba ya bure. Ukiwauliza, utakuta wengi wao walijua mtoto atasoma wapi na kazini watafikaje kabla ya kuuliza kodi. Hesabu hiyo inachukua jioni moja na karatasi mbili. Muhula ukifunguliwa, mtoto ana dawati, ana rekodi, na wewe una nauli ya kesho mfukoni.