Mafunzo ya Malezi: Kabla ya Kutia Sahihi



Tawi letu la Kakiika limeletewa fomu ya kutia sahihi. Fomu hiyo yasema kwamba mafunzo ya malezi, yaliyoendeshwa kwa vikundi kwa ajili ya wazazi wa viwandani hapa Mbarara na jamaa zao walioko kambini Nakivale, yamefaulu, na kwamba chama chaomba yaendelee. Hatujatia sahihi. Wanachama wengine wametulaumu kuwa tunafukuza msaada, na kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kueleza.

Ieleweke kwamba hatuyapingi mafunzo yenyewe. Nakivale imepokea wakimbizi tangu miaka ya 1950 ya mwisho, walipokuja Wanyarwanda, na leo walio wengi ni Wakongo. Mzazi aliyekesha porini na watoto huku kijiji kikiungua hawezi kuwa mtulivu kwa kuamriwa tu. Akikaa na wenzake na kusema yaliyomo moyoni, mzigo hupungua. Tumewaona akina baba waliokuwa wakizungumza na watoto kwa fimbo tu, sasa wanawauliza habari za shule. Hayo ni mema, wala hatuyafichi.

Lakini nani amepima, na amepima nini?

Fomu yahesabu wazazi waliomaliza vikao vyote. Akina mama wa shifti ya usiku waliacha baada ya kikao cha pili au cha tatu, kwa sababu walikuwa wakisinzia. Vibarua waliacha kwa sababu siku ya kikao ni siku isiyo na ujira. Hawa ndio wenye taabu kubwa nyumbani, na hakuna aliyewafuata kuwauliza. Hapa kwetu Ankole mtu hawezi kusema kundi lote lina afya kwa kuwatazama ng'ombe waliofika sokoni na kuwasahau waliolala njiani.

Tena, aliyeuliza maswali ya mwisho ni mwalimu yule yule aliyefundisha. Mzazi aliyepewa nauli na soda, akiulizwa na mwalimu wake kama bado anampiga mtoto, atajibu nini? Maswali yenyewe yaliandikwa kwa Kiingereza na kufasiriwa papo hapo kwa Kinyankore, na mama wa Kivu akaitikia tu kwa kichwa.

Na watoto hawakuulizwa kabisa. Hili ndilo lililotuzuia zaidi. Huko Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, mafunzo ya namna hii yalipimwa kwa jamaa 552 katika vijiji na vitongoji 40, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Miezi kadhaa baada ya mafunzo, wazazi walisema kipigo kimepungua sana. Vijana wao nao waliulizwa, na majibu yao kuhusu kipigo hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Hatusemi wazazi wale walidanganya. Huenda fimbo ilionekana ndogo kwa aliyeishika kuliko kwa aliyepigwa. Wapimaji wale walikuwa waaminifu, wakayaandika majibu yote mawili.

Hapa Uganda pia, katika kambi ya Rhino, wanawake 694 wa Sudani Kusini walipimwa katika mafunzo ya vikao 5 ya kupunguza dhiki ya moyo. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu, vingine vikapata mafunzo na vingine havikupata, na wanawake wa pande zote wakaulizwa. Nafuu ilikuwako, lakini miezi mitatu baadaye ilikuwa ndogo kuliko mara tu baada ya vikao. Mpimaji aliyeondoka siku ya sherehe ya vyeti asingeliona jambo hilo.

Kulinganisha namna hii kuna maana kwetu. Ugomvi wa nyumbani hupungua wakati kazi ni nyingi na karo imelipwa, mafunzo yawepo yasiwepo. Pasipo kikundi kinachongoja zamu yake, hatutajua kilicholeta amani ni mwalimu au ni mshahara.

Na kuhusu mshahara, tuseme wazi. Kima cha chini cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Mwaka 2025 wakimbizi wapatao milioni moja nchini waliondolewa kwenye mgao wa chakula. Sheria ya kazi ya mwaka 2006 yampa baba siku 4 tu za likizo mtoto anapozaliwa. Mzazi akifundishwa subira huku chungu kitupu, kisha ikaandikwa kwamba ameshindwa malezi, hiyo ni dhuluma. Kipimo chochote kiulize pia nyumba ilikula nini wiki ile.

Tumewajibu wenye mradi hivi: walioacha wafuatwe, watoto waulizwe na mtu mwingine, kwa lugha yao, na majibu yao yasifikishwe kwa wazazi, watu waulizwe tena baada ya miezi sita. Waajiri nao tumewataka wasikate ujira wa siku ya kikao. Mwajiri mmoja amekubali, kwa shifti ya mchana tu. Wenye mradi wameomba muda wa kufikiri, na fomu ingali kwenye sanduku la katibu.