Jeraha Moja, Majimbo Hamsini

Kijana wa Kenya aliyekwenda Marekani na kupewa hati ya kukaa huko daima anaruhusiwa kuandikwa askari katika majeshi ya nchi ile hata kabla hajawa raia wake. Wako waliofanya hivyo, na baadhi yao wametoka jeshini na mguu usiokunjika, au masikio yasiyosikia, au usingizi uliovurugika. Wazazi waliobaki Murang'a au Kakamega hudhani ya kuwa serikali ya Marekani ni moja, na ya kuwa mtoto wao akiisha kuandikiwa malipo na serikali hiyo, basi shauri limekwisha. Sivyo. Juu iko serikali kuu ya Washington, na chini yake yako majimbo hamsini. Na kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria, hazina yake, na fikira zake juu ya deni ambalo watu wanawiwa na askari aliyeumia.

Kazi ya kupima jeraha ni ya serikali kuu. Idara ya Askari wa Zamani humpa kila aliyeumia hesabu yake, 10 kwa mia, 20 kwa mia, na kuendelea kwa makumi mpaka 100. Majeraha yakiwa mawili, hesabu haijumlishwi kama watoto wajumlishavyo shuleni. Askari mwenye mguu wa 50 kwa mia na masikio ya 30 kwa mia hapati 80. Makarani wa idara husema hivi: mtu huyu alikuwa mzima wa 100, mguu umechukua nusu, ikabaki nusu, basi masikio na yachukue 30 kwa mia ya ile nusu iliyobaki, yaani 15. Jumla ni 65, nayo hupelekwa kwenye kumi lililo karibu, ikawa 70. Wengi wanapoona barua yao mara ya kwanza hukasirika, wakidhani karani hajui kuhesabu. Hesabu ni sawa. Sheria ndiyo iliyo hivyo.

Fedha zitokazo kwa hesabu hiyo hulipwa kila mwezi, hazikatwi kodi ya mapato, wala hazibadiliki kwa sababu mtu amehama kutoka Chicago kwenda Dallas. Hata akirudi kukaa Machakos humfuata huko, na idara hulipia pia matibabu ya jeraha lile lile kwa anayekaa ng'ambo. Mpaka hapa majimbo hayana neno. Tofauti huanza siku askari anaponunua nyumba.

Chukua askari wawili walioumia siku moja, katika gari moja, nao wote wawili wamepewa 70 kwa mia. Mmoja akaenda kukaa Illinois, wa pili Texas. Katika Illinois, sheria iliyopo tangu 2015 humwondolea mwenye 70 kwa mia au zaidi kodi yote ya nyumba anayokaa mwenyewe, ila nyumba ikiwa ya thamani kubwa kupita mpaka uliowekwa. Mwenzake wa Texas, kwa hesabu ile ile ya 70, hupunguziwa dola 12,000 katika thamani ya nyumba, kisha kodi hutozwa juu ya thamani iliyosalia. Nyumba ya dola 300,000, kabla ya misamaha mingine, huhesabiwa kama ya dola 288,000. Huyu hatoi kodi ya nyumba, na yule atoa karibu yote. Na ieleweke ya kuwa Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, hivyo mzigo wa shule na barabara huangukia sana majumba. Kodi hiyo si ya mchezo.

Lakini mtu asikimbilie kusema kuwa Texas ni bahili. Askari yule yule akipanda kutoka 70 hadi 100 kwa mia, au idara ikikubali kumlipa kama mwenye 100 kwa kuwa majeraha yake hayamruhusu kufanya kazi ya kumtunza, Texas humwondolea kodi yote ya nyumba yake, hata nyumba iwe kubwa namna gani. Ndivyo ilivyo tangu 2009. Virginia ilifuata kwa kubadili katiba yake; wananchi walipiga kura Novemba 2010, na msamaha kwa wenye ulemavu kamili wa daima ukaanza 2011. Florida na New Jersey nazo husamehe kodi yote kwa wa namna hiyo. Kwa hiyo katika Texas ngazi ina vidato vifupi vifupi mpaka 90, kisha kidato cha mwisho ni kirefu kama ukuta. Mwenye 90 aliyechoka na barua, akaacha kuomba jeraha lake litazamwe tena ingawa limezidi kuwa baya, amepoteza zaidi ya tofauti ya malipo ya mwezi.

Jambo la wajane lilichukua muda. Sheria ya Texas ya 2009 ilimhusu askari mwenyewe tu, hata akifa, mkewe aliyemwuguza aliweza kuletewa hati ya kodi mwaka uliofuata. Wapiga kura walilirekebisha hilo 2011: mjane, au mume wa askari mwanamke, huendelea kusamehewa maadamu hajaolewa au kuoa tena. Walibaki wale ambao waume zao walikufa kabla sheria haijaanza kazi, ambao mauti yaliwahi mno. Hao nao waliingizwa kwa kura ya 2015.

Fedha zinazosamehewa, yafaa kukumbuka, zilikuwa za mtu. Mji wa Killeen katika Texas umepakana na kambi kubwa ya Fort Hood, na askari wengi wakitoka jeshini hukaa papo hapo, karibu na hospitali na marafiki. Nyumba zisizotoa kodi zikazidi, lakini maji, polisi na takataka havikupungua. Baraza la jimbo liliona haki ya malalamiko hayo, na 2015 likapitisha sheria ya kuwarudishia sehemu ya hasara wale walio jirani na kambi. Ni haki, kwa kuwa heshima iliyoahidiwa na jimbo zima haifai kulipwa na mji mmoja.

Katika elimu, mambo ni mengine kabisa. Wisconsin huwafungulia vyuo vyake vya serikali bila ada mke na watoto wa askari aliyepimwa 30 kwa mia tu, hadi mihula minane au masomo ya vipimo 128, ikiwa askari huyo ana uhusiano na jimbo ambao sheria inautaka. California huenda mbali zaidi: mtoto wa askari aliyeandikiwa jeraha la kazi, hata la 0 kwa mia, aweza kusamehewa ada katika vyuo vya serikali, mradi mapato ya mtoto mwenyewe ni madogo. Sifuri hiyo huchekwa na wengi. Wakipata barua isemayo kwamba jeraha limekubaliwa lakini ni 0, huitupa. Katika California barua hiyo yaweza kuwa ada ya chuo kikuu.

Texas ina sheria iitwayo Hazlewood, itoayo hadi vipimo 150 vya masomo bila ada, na askari aweza kumpa mtoto wake vile asivyotumia. Hapa wageni hukwama. Ni lazima askari awe aliingia jeshini akiwa Texas, au alikuwa mkazi wake, au aliandika Texas kuwa kwao. Mkenya aliyeandikwa jeshini akiwa Minnesota, kisha akahamia Houston kwa sababu ya joto na ndugu, hapati ada hiyo, ajapokuwa amekaa Houston miaka kumi na kodi ya nyumba amesamehewa. Jimbo hilo hilo halimnyimi mengine: mwenye 50 kwa mia hupewa bure kibali cha kuwinda na kuvua samaki, na mwenye 60 huingia mbuga za jimbo bila kiingilio.

Yote haya si mambo mapya. Wakoloni wa Plymouth, walipokuwa wakipigana na Wapequot 1636, waliweka sheria ya kumtunza maisha yake yote askari aliyelemaa, zaidi ya miaka 100 kabla serikali ya Washington haijazaliwa. Massachusetts ilianza kusaidia jamaa za askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861, na hata leo kila mji wake una afisa wa askari wa zamani. Mji humlipa mhitaji, na jimbo huurudishia robo tatu. Connecticut ilifungua nyumba ya kutunzia askari 1864, na sasa kila jimbo lina nyumba kama hizo, serikali kuu ikichangia gharama za kila siku.

Hakuna hata kimoja cha vitu hivi kinacholetwa mlangoni. Jimbo halijui nani ameumia mpaka aende mwenyewe na karatasi mbili: barua ya hesabu ya jeraha, na hati ya kutoka jeshini iitwayo DD 214, ambayo huonyesha pia kama alitoka kwa heshima. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza faili baina ya milioni 16 na 18 katika ghala la kumbukumbu za majeshi karibu na St. Louis, nyingi zikiwa za askari wa nchi kavu waliotoka kazini kati ya 1912 na 1960. Wengine waliokolewa na jambo dogo: waliporudi nyumbani walikuwa wamepeleka hati zao kwa karani wa kaunti, naye akazinakili katika daftari lake.

Kaunti nyingi zina ofisa wa kuwasaidia askari hawa kujaza fomu, wala hatozi kitu. Wako wengine wanaojitangaza kuwa watampandishia mtu hesabu yake kwa malipo. Sheria ya serikali kuu haimruhusu mtu yeyote kutoza fedha kwa kutayarisha dai la kwanza. Na aliyechelewa katika Texas bado ana nafasi. Aweza kuomba msamaha wa kodi ya miaka iliyopita, hadi miaka mitano tangu kodi hiyo ilipopaswa kulipwa, na kama aliilipa hurudishiwa.