Gari Likikohoa, Shika Daftari Kabla ya Spana



Ugonjwa wa gari unaosumbua kuliko yote ni ule unaokuja na kwenda. Gari lililokataa kuwaka kabisa, fundi ataliponya, maana ugonjwa upo mbele ya macho yake. Lakini leo injini inakohoa na kukosa nguvu, kesho inanguruma vizuri, hapo utafanyaje? Mafundi husema, "Inamisi." Nawe ukilipeleka kwao, linatulia kama mtoto mtundu aliyemwona mwalimu.

Pikapu yetu ya kazini ni ya zamani, ya kabureta na platini. Mchana huchukua mahindi, na usiku huchukua wagonjwa. Ilipoanza kumisi tulinunua plagi nne mpya. Ikatulia juma zima, tukashangilia, kisha ikaanza tena. Tukanunua platini na kondensa, tukasafisha kabureta. Fedha zikaisha, ugonjwa ukabaki. Ndipo usiku mmoja wa mvua, tukiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa, ikazimika kilimani. Tulisukuma. Mama alifika akajifungua salama, lakini mimi sikupata usingizi.

Asubuhi nilipiga mistari katika daftari, mfano wa daftari la mahudhurio: siku, saa, mvua au jua, injini baridi au moto, mlimani au tambarare. Dereva akaandika kila ilipokohoa. Baada ya majuma matatu jibu lilionekana wazi: ilikohoa siku za mvua na asubuhi za umande tu. Na lile juma la plagi mpya? Lilikuwa juma kavu. Plagi hazikuponya kitu!

Basi, ndugu msomaji, gari lako likimisi, uliza kwanza: lini?

Likimisi penye unyevu na kupona likikauka, tazama waya za plagi na kifuniko cha distribyuta, ambayo hugawa umeme kwenye plagi.

Likimisi baada ya kupata moto na kupona likipoa, shuku koili au kondensa.

Likiishiwa nguvu mlimani na mzigo, shuku petroli: filta iliyoziba, uchafu wa tenki, au pampu iliyochoka. Legeza kifuniko cha tenki. Likipona, tundu lake la hewa limeziba.

Likimisi penye mashimo, tafuta waya uliolegea.

Kisha, injini ikiwa imepoa, fungua plagi na kuzipanga kwa zamu ya silinda zake. Yenye rangi ya kahawia ina afya. Nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha petroli imezidi hewa. Iliyolowa petroli haikuwasha moto. Ikiwa moja tu ni tofauti na wenzake, tafuta ugonjwa katika silinda ile, usihangaike na gari zima.

Sisi tulingoja giza. Tulihakikisha hakuna petroli inayovuja, tukawasha injini nje ya banda, tukanyunyiza maji kidogo kama umande juu ya waya na kifuniko cha distribyuta. Mara injini ikakohoa, na cheche za buluu zikaonekana zikikimbia juu ya kifuniko. Tulipozima na kukifungua, tuliona ufa mwembamba mweusi, kama mstari wa penseli. Umeme ulikuwa ukipotelea humo kila ulipopata unyevu. Tulinunua kifuniko kimoja tu, na bei yake haikufika hata ya zile plagi.

Angalia sana: usiguse waya za plagi injini ikizunguka, kwani umeme wake ni maelfu ya volti. Wala usijaribu haya kwa magari ya siku hizi yanayoongozwa na kompyuta. Hayo yana vifaa vyake vya kupimia.

Na jambo la mwisho: badili kitu kimoja, kisha lijaribu gari katika hali ile ile linayougulia. Ukibadili vitatu kwa pamoja, hata likipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Nalo likitulia siku ya jua, usiseme limepona. Ngoja mvua inyeshe, ndipo useme.