Vibonzo vya zamani: Sani la miaka ya 1980 lina thamani gani, na nani analitunza?

Januari 2022, ukurasa mmoja wa kitabu cha katuni cha Spider-Man uliuzwa mnadani mjini Dallas, Marekani, kwa zaidi ya dola milioni 3.3. Haukuwa kitabu kizima. Ni karatasi moja tu, ambayo Mike Zeck aliichora kwa mkono mwaka 1984.

Miaka hiyo hiyo, hapa Tanzania, watu waligombania gazeti la Sani. Wewe msikilizaji jiulize: zile Sani ziko wapi leo? Nyingine zilibandikwa ukutani kuzuia vumbi la udongo. Nyingine zilifungia karanga na maandazi. Nyingine zilikokea moto. Na ile michoro yenyewe, iliyotoka mkononi mwa mchoraji kabla ya kwenda mtamboni, wanaoweza kusema ilipo ni wachache sana.

Makala haya yanaeleza kwa nini vibonzo vya zamani vimekuwa mali kubwa kwa wenzetu, kwa nini vyetu vinapotea, na ufanye nini ikiwa sandukuni kwako bado kuna kimoja.

Kwanza, tutenganishe vitu viwili

Watu wakisema wanakusanya vibonzo, wanaweza kumaanisha vitu viwili tofauti.

Cha kwanza ni nakala iliyochapwa: gazeti, jarida au kitabu. Nakala hizi zilikuwa maelfu. Thamani yake hupanda pale ambapo nyingi zimeharibika na chache zimebaki. Mfano unaojulikana zaidi ni Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, kitabu kilichomleta Superman. Kiliuzwa senti 10 za Marekani. Mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Sababu kubwa ni kwamba watoto walisoma wakatupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi chakavu zikasagwe upya.

Cha pili ni mchoro halisi: karatasi ngumu ambayo mchoraji aliishika, akachora kwa penseli, akapitisha wino mweusi juu yake, akafuta makosa kwa rangi nyeupe. Mchoro huu mara nyingi ni mkubwa kuliko picha unayoiona gazetini. Ukipigwa picha kwa ajili ya mtambo, kazi yake kiwandani imekwisha. Nao uko mmoja tu duniani.

Kwa miongo mingi, hata huko Marekani na Ulaya, michoro hiyo ilionekana takataka. Iligawiwa bure, ilikatwakatwa, ilitupwa. Mchoro wa jalada ambao Mbelgiji Hergé alimchorea Tintin mwaka 1936 uliuzwa Paris mwaka 2021 kwa zaidi ya yuro milioni 3, ukiwa na alama za mikunjo. Mtu aliwahi kuukunja kama barua.

Kwa hiyo tusidhani wenzetu walizaliwa na akili ya kutunza. Walijifunza baada ya kupoteza vingi.

Sisi tulianzia wapi?

Vibonzo vya Kiswahili si kitu cha jana. Miaka ya 1950 Mkenya Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu, ambaye baadaye wasomaji wa Taifa Leo walimfuata kwa miaka mingi. Wanaopakana na Zambia na Malawi watatabasamu, maana kalulu kwao ni sungura. Tofauti ni kwamba sungura wa hadithi ni mjanja, na huyu ni juha.

Tanzania, jina ambalo wazee hulitaja kwanza ni Chakubanga. Christian Gregory alimchora katika gazeti la Uhuru, gazeti la TANU, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Fikiria kipindi chenyewe. Azimio la Arusha limetangazwa mwaka 1967. Mwaka unaofuata Umoja wa Vijana wa TANU unatangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini na suruali za kubana. Hotuba za wakati ule zimehifadhiwa. Lakini ukitaka kujua watu wa kawaida walikuwa wanachekea nini, walikuwa wanaogopa nini, na mjini maisha yalikuwaje, hotuba haitakwambia. Kibonzo kitakwambia.

Baadaye likaja Sani. Jina hilo lilitokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo: SA ya Saidi, NI ya Nico. Miaka ya 1980 lilitamba nchi nzima. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi na yule mtoto mtundu Madenge. Mmoja wa wachoraji waliolipa Sani sura yake ni Philip Ndunguru, aliyefariki dunia akiwa bado kijana. Wapo watu wazima leo ambao hawajui jina la Ndunguru, lakini ukimwita mtoto wao "Madenge" wanakuelewa mara moja.

Miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi na magazeti binafsi yakaongezeka, uwanja ukapanuka. James Gayo akaja na Kingo. Masoud Kipanya, ambaye wengi mnaijua pia sauti yake redioni, akaja na panya wake anayesema asichothubutu kusema binadamu. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alikwenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea magazeti ya Nation na akawa mmoja wa wachora vibonzo wanaojulikana zaidi Afrika.

Hiyo ni historia ya zaidi ya miaka 60. Nchi nyingine zingekuwa na jumba la makumbusho kwa ajili yake.

Karatasi ilikwenda wapi?

Sababu ya kwanza ni karatasi yenyewe, na hili sisi wa Mufindi tunalielewa kuliko wengi. Ukishuka Nyololo kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, njia panda inakupeleka Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji miaka ya 1980. Mti wa msindano una kitu kinachoshikanisha nyuzi zake, kiitwacho lignini. Karatasi nzuri huondolewa lignini kwa dawa. Karatasi ya gazeti, kwa kuwa inatakiwa iwe rahisi, mara nyingi huachiwa sehemu kubwa. Matokeo yake unayajua: ikipigwa na jua inageuka manjano, kisha kahawia, kisha inavunjika kama jani kavu. Gazeti hutengenezwa liishi siku moja.

Sababu ya pili ni uhaba. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya foleni. Karatasi ilikuwa bidhaa, na muuza karanga aliihitaji kuliko mtunza kumbukumbu. Hali hiyo haijaisha. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, karatasi chakavu ya kufungashia ilipata kazi zaidi sokoni. Kwa mazingira ni jambo jema. Kwa gazeti la mwaka 1984 lililokuwa kabatini, ni hatari mpya.

Sababu ya tatu ni desturi ya vyumba vya habari. Mchoraji alipeleka mchoro, mchoro ukatumika, mchoro ukabaki kwenye rundo. Ofisi ikihama au gazeti likifa, rundo linafuata taka. Si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Inatosha asiwepo mtu mwenye jukumu.

Mwenye mali ni nani?

Hapa ndipo penye hela, na ndipo penye mabishano.

Kumiliki karatasi ni jambo moja. Kumiliki haki ya kilichochorwa ni jambo jingine. Ukinunua mchoro halisi wa kibonzo, umenunua karatasi. Hujapata ruhusa ya kuchapa fulana zenye picha hiyo. Ruhusa hiyo iko kwa mwenye hakimiliki.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Fanya hesabu. Mchoraji aliyefariki katikati ya miaka ya 1980, ulinzi wa kazi zake unafika katikati ya miaka ya 2030. Kama hakuwa amezihamishia haki hizo kwa mwajiri au mchapishaji, zinaweza kuwa mali ya familia yake hadi leo. Mkataba ndio unaoamua, na wachoraji wengi wa zamani walifanya kazi kwa maneno ya mdomo.

Tusidhani ni tatizo la maskini tu. Jack Kirby, mmoja wa watu waliowaumba mashujaa wa Marvel, alichora zaidi ya kurasa 10,000 kwa kampuni hiyo. Alidai michoro yake kwa miaka. Mwaka 1987 alirudishiwa takriban 2,000. Nyingine zilikuwa zimepotea, na baadhi zilikuwa mikononi mwa wakusanyaji waliozinunua bila yeye kupata hata senti.

Na tunao mfano wa nyumbani. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliuza picha zake kwa bei ndogo pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Leo picha alizochora mwenyewe hupigwa mnada ng'ambo kwa maelfu ya dola. Ufaransa ina sheria tangu mwaka 1920 inayompa msanii, na baadaye warithi wake, sehemu ya fedha kila picha yake inapouzwa tena. Bila utaratibu wa namna hiyo, picha hupanda bei na familia ya mchoraji hubaki pale pale.

Je, na vibonzo vya simu?

Wachoraji wengi sasa wanachora moja kwa moja kwenye skrini. Ni haraka, hakuna wino wa kununua, na kibonzo kinafika kijijini kabla gazeti halijapanda basi. Lakini hakuna tena mchoro halisi. Kuna faili. Simu ikiibwa, akaunti ikifungwa au kampuni ikizima mitambo yake, kazi imekwenda.

Jarida la Shujaaz lilianza Kenya mwaka 2010 likigawiwa bure, pamoja na gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, likimsimulia kijana Boyie anayerusha matangazo ya redio kutoka chumbani kwake. Lilisomwa na vijana wengi sana. Cha bure, hata hivyo, ndicho hutupwa kwanza. Kizazi kilichokua na Boyie kinaweza kuja kulitafuta kama wazazi wao wanavyoitafuta Sani.

Wapo watakaosema ni mzaha tu

Hoja hii tunaisikia: zahanati haina dawa, nyinyi mnazungumzia katuni. Ni hoja ya haki. Lakini kutunza hakuhitaji bajeti ya zahanati. Sheria tayari inawataka wachapishaji kupeleka nakala Bodi ya Huduma za Maktaba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa machapisho ya Afrika Mashariki. Kinachokosekana ni mwenye gazeti kufungua stoo, kuorodhesha michoro iliyomo, na kumrudishia mchoraji au familia yake kilicho chao. Hiyo ni kazi ya siku chache na daftari moja.

Mnada wa mamilioni si wa kuutegemea kwetu hivi karibuni. Soko halijengwi kabla ya orodha. Mnunuzi hawezi kulipia mchoro ambao hakuna anayeweza kuthibitisha nani aliuchora, lini, na ulitoka gazeti gani.

Ukiwa nacho nyumbani, fanya hivi

Usikimbilie kuuza. Akija mtu kukwambia Sani yako ina thamani ya milioni kadhaa lakini utangulize ada ya uthibitisho, huyo ni tapeli. Akija mwingine anayetaka gunia zima kwa bei ya karatasi chakavu, muulize anazipeleka wapi.

Usibandike selotepu, usipitishe kwenye mashine ya plastiki, na pini zenye kutu zitoe taratibu. Laza karatasi, usizikunje. Ziweke kwenye boksi kavu, mbali na moshi wa jikoni na mbali na sakafu, kwa sababu ya mchwa na panya. Huku kwetu adui mkubwa ni ukungu wa asubuhi: unyevu huleta vidoadoa vyeusi. Siku ya jua fungua boksi lipate hewa, lakini usianike karatasi juani.

Kisha chukua simu. Piga picha kila ukurasa, na andika tarehe, namba ya toleo na jina la mchoraji kama limeandikwa. Mara nyingi sahihi iko pembeni chini, kwa herufi ndogo.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kuchora, kuchapa au kuuza magazeti, mkalishe mzungumze. Mrekodi kwa simu hiyo hiyo. Karatasi inaweza kupigwa picha hata kesho kutwa. Anayejua mchoro ulichorwa usiku gani, na mhariri alikataa nini kwanza, huyo hana nakala ya pili.